Simbilisi mpya anaumwa: dalili, chanzo, na dawa za kuogopa

Simbilisi huficha maradhi. Asili yake ni milima ya Andes huko Amerika Kusini, na mnyama mdogo anayewindwa na kila mwenye meno haonyeshi udhaifu mpaka ashindwe kabisa. Kwa hiyo ukimkuta amejikunyata kwenye kona, manyoya yamemsimama na macho yamelegea, usidhani kaanza kuumwa leo asubuhi. Huenda anaumwa tangu siku kadhaa nyuma, na muda uliobaki ni mfupi.

Kwa simbilisi aliyenunuliwa sokoni au kuletwa kutoka kijijini, wiki tatu za mwanzo ndizo za kuwa macho. Amesafirishwa juani ndani ya boksi, amebadilishiwa chakula ghafla, ametoka kwenye banda walimorundikana wakubwa kwa wadogo, na vitamini C mwilini mwake imeanza kupungua. Swali ninaloulizwa kila mara ni moja: nimpe dawa gani? Jibu langu: anza na mizani, njoo kwenye chakula, na dawa iwe ya mwisho. Dawa isiyo yake humuua simbilisi upesi kuliko ugonjwa wenyewe, na hilo nitalieleza mbele kwa kirefu.

Mpime, kisha tazama kinyesi

Mizani ya jikoni inatosha. Mweke kwenye bakuli lenye kitambaa, toa uzito wa bakuli, andika. Mkubwa huwa na gramu 700 hadi 1,200, na dume humzidi jike. Katika wiki hizo tatu mpime kila asubuhi saa ile ile. Kupanda au kushuka kwa gramu 20 au 30 si neno, maana inategemea kama ameshakula au ametoka kukojoa. Akishuka gramu 50, mchunguze siku hiyo hiyo. Akipoteza sehemu moja ya kumi ya uzito wake, yaani wa gramu 800 akafika 720, huyo ni wa daktari hata kama anaonekana mchangamfu.

Kinyesi cha simbilisi mzima ni punje ndefu kidogo, ngumu kiasi, za kahawia, zinazolingana kwa ukubwa. Punje zikiwa ndogo, kavu na chache, maana yake hali vya kutosha. Zikiwa laini na zimegandana, tumbo limechafuka. Na ukimwona ameinama anakula kinyesi kikitoka tu, mwache. Ndivyo alivyoumbwa: kile laini kinachotoka utumbo mpana kina vitamini na protini anazozihitaji, na akizuiwa anadhoofika.

Hali chakula

Usiku wa kwanza simbilisi mpya huogopa. Hujificha, haonekani akila, na watoto wa nyumbani huanza kulia kwamba anakufa. Mwekee boksi la kujifichia lenye milango miwili, mwekee nyasi tele, zima taa, muondoke. Asubuhi tazama: nyasi zimepungua? Kuna kinyesi kipya? Kama vyote vipo, amekula mlipolala. Kama hakuna kitu tangu jana, hilo si suala la woga tena. Tumbo la simbilisi linafanya kazi mchana na usiku, na likisimama gesi hujaa, ini huanza kuzidiwa, naye hufa. Saa 24 bila kula ni nyingi mno. Mimi huanza kuchukua hatua saa 12 zikipita.

Chanzo cha kwanza cha kukichunguza ni chakula chenyewe. Simbilisi hujifunza akiwa mdogo kipi ni chakula na kipi sicho. Aliyekulia jikoni kule Njombe au Rungwe akila ukoka, maganda ya mahindi mabichi na matembele hatambui chakula cha punje cha dukani, anaweza kushinda njaa pembeni ya bakuli lililojaa. Muulize muuzaji alikuwa akila nini, umpe hicho hicho, kisha umchanganyie kipya kidogo kidogo kwa siku saba hadi kumi.

Chanzo cha pili ni meno. Ana meno 20 na yote hukua maisha yake yote, hata magego. Yanasuguliwa na nyasi. Aliyelishwa pumba na mabaki ya wali hana cha kuyasugua, na magego ya chini hujikunja kuelekea ulimi mpaka ashindwe kumeza. Dalili yake huwezi kuikosea ukitulia na kumtazama: anakikimbilia chakula, anakinusa, anakiweka mdomoni, kisha anakidondosha. Kidevu kimelowa mate. Meno ya mbele yanaweza kuonekana marefu au yamepinda, lakini mara nyingi tatizo liko nyuma ambako huoni. Usiyakate kwa kikatio cha kucha, yatapasuka hadi kwenye fizi. Magego huchongwa na daktari, mnyama akiwa amelazwa usingizi.

Wakati unasubiri daktari, mlishe kwa mkono. Loweka punje za chakula cha sungura zilizosagwa (zisiwe na dawa) katika maji ya uvuguvugu mpaka ziwe uji mwepesi. Chukua bomba la sindano la mililita moja, bila sindano. Mfunge taulo, mkalishe mapajani, ingiza ncha pembeni ya mdomo nyuma ya meno ya mbele, sukuma kidogo sana, subiri atafune. Usimlaze chali, uji utaingia mapafuni. Kwa mwenye gramu 800, mililita 40 hivi kwa siku, zigawanywe kila baada ya saa tatu au nne, usiku ukiwemo. Kazi hii inachosha na inaokoa maisha. Lakini tumbo likiwa limevimba na limekaza, hata ukiligonga kwa kidole linalia kama ngoma, usimlishe kwa nguvu. Kimbia kwa daktari.

Anachechemea, hataki kutembea, analia akishikwa

Hapa ndipo nataka msomaji akae. Simbilisi, kama binadamu, hawezi kutengeneza vitamini C mwilini. Ng'ombe anaweza, mbuzi anaweza, sungura anaweza, yeye hawezi. Mwaka 1907 watafiti wawili wa Norway, Axel Holst na Theodor Frølich, waliwalisha simbilisi nafaka peke yake wakaona wanapata kiseyeye, ugonjwa ule ule uliowaua mabaharia. Lakini hadi leo simbilisi wanauzwa na kulishwa kama sungura wadogo.

Akikosa vitamini hiyo, dalili huanza ndani ya wiki mbili au tatu. Viungo huvimba na kuuma, hasa magoti. Anaruka kama sungura badala ya kutembea, kisha anakaa tu. Fizi hutoa damu, meno hulegea, manyoya hukakamaa, kidonda kidogo hakiponi, na hata kuhara kunaweza kuanzia hapo. Wenye mnyama hudhani ameanguka na kuvunjika mguu. Mara nyingine ni kweli ameanguka, kwa sababu watoto humbeba vibaya na mifupa yake ni myepesi. Lakini kama hakuna aliyemwona akianguka na miguu miwili inauma, anza na kiseyeye.

Mzima anahitaji miligramu 10 kwa kila kilo ya uzito kwa siku, mwenye mimba 30. Aliyeanza kuumwa mimi humpa miligramu 50 kwa siku kwa wiki moja hadi mbili. Kidonge cha vitamini C cha miligramu 100 kinachouzwa duka la dawa ukikigawa nusu umepata dozi hiyo. Kiponde, changanya na maji kidogo, mpe kwa bomba. Kiwe vitamini C tupu. Vile vyenye vitamini za kila aina vina A na D ambazo zikizidi humdhuru. Na usiiweke kwenye maji ya kunywa: ikikaa kwenye maji inaharibika ndani ya siku, na ladha yake inaweza kumfanya asinywe kabisa. Akiwa ni kiseyeye, utaona nafuu ndani ya siku chache, wakati mwingine siku ya pili tayari ananyanyuka kufuata chakula.

Kwa matunzo ya kila siku huhitaji vidonge. Mpe kipande cha pilipili hoho, hasa nyekundu, ambayo ina zaidi ya miligramu 100 katika kila gramu 100. Mapera yana zaidi ya 200, ila yana sukari, kwa hiyo kipande kidogo tu. Sukuma wiki na kotimiri ni nzuri. Mchicha mpe mara mojamoja. Figili na matembele sawa. Majani ya viazi mviringo, ya nyanya, ya parachichi na kisamvu kibichi yasiingie bandani. Punje za sungura hazina vitamini C iliyoongezwa, na chakula cha kuku usimpe kabisa, kingine kimechanganywa na dawa ambazo mwili wake hauzistahimili.

Anajikuna, manyoya yanatoka

Ukikuta vipara vidogo nyuma ya masikio na ndani ya miguu ya mbele, hiyo ni kawaida kwa simbilisi wote. Kinachotisha ni kujikuna mfululizo mpaka damu, magamba mgongoni na mabegani, manyoya yanayong'oka kwa mafungu. Huo ni utitiri wa kuchimba ngozi, Trixacarus caviae, haonekani kwa macho. Muwasho wake ni mkali kiasi kwamba mnyama anaweza kuanguka kifafa ukimgusa mgongo. Utitiri huu unaweza kukaa kimya kwa mnyama mzima, halafu safari na njaa vikimdhoofisha unaibuka. Ndiyo maana alikuwa safi sokoni na wiki ya pili amekuwa hivi.

Dawa yake ni ivermectin, na hapa pana mtego. Chupa ya asilimia 1 inayouzwa kwa ajili ya ng'ombe ina miligramu 10 katika mililita moja. Simbilisi wa gramu 500 anahitaji takriban miligramu 0.2, yaani mililita 0.02. Katika bomba la mililita moja lenye mistari mia, dozi yake yote ni mistari miwili. Mkono ukitetemeka umempa mara tano. Mwachie daktari aipime au aizimue, na irudiwe baada ya siku 10 hadi 14 kwa sababu mayai hayafi kwa dozi ya kwanza. Wenzake wote bandani watibiwe siku hiyo hiyo. Usimwogeshe kwa dawa ya josho la ng'ombe wala usimpake unga wa kuulia viroboto wa kuku. Anajilamba mwili mzima, atakula kila ulichompaka.

Chawa ni rahisi zaidi: pekua manyoya mwangani, utaviona vidudu vyeupe vyembamba vinatembea. Mapunye huanzia puani, kuzunguka macho na masikioni, mabaka ya mviringo yenye magamba. Haya huambukiza watu, na watoto ndio huyapata kwanza mikononi na shingoni. Mtenge mnyama, watoto wanawe kwa sabuni kila wakimshika, na kama kuna mtoto mwenye baka nyumbani mpeleke hospitali, mweleze daktari kwamba mna simbilisi. Jike la umri mkubwa lenye vipara viwili vinavyolingana ubavu huu na ule, bila kujikuna, mara nyingi lina uvimbe kwenye ovari, na dawa ya ngozi haitalisaidia.

Anapiga chafya, macho yana uchafu

Chafya moja mbili kwenye nyasi zenye vumbi zisikutie wasiwasi. Wala yale maji meupe kama maziwa yanayotoka machoni asubuhi na kupakwa usoni kwa miguu ya mbele: anaosha uso. Wasiwasi uanze pua ikitoa kamasi, kope zikigandana, na mbavu zikicheza kwa nguvu akivuta pumzi. Nimonia ya simbilisi huenda mbio, na anayepumua kwa mdomo wazi hana siku ya kesho ya kusubiri.

Bakteria mmojawapo anayeileta ni Bordetella bronchiseptica, ambaye sungura na mbwa humbeba bila kuumwa. Wengi hapa kwetu huwaweka sungura na simbilisi banda moja kwa kuwa wanakula nyasi zile zile. Watenganishe. Chanzo kingine ni hewa: mkojo ukilowanisha maranda siku tatu nne, ile harufu inayokuchoma pua wewe uliyesimama inamkuta yeye ameinamia papo hapo. Jiko la mkaa karibu na banda nalo humuumiza.

Jicho moja tu likiwa limefumba, linatoa machozi na lina ukungu, mara nyingi limechomwa na nyasi. Jani la mabingobingo lina makali. Hapo kuna kosa la kawaida: kununua dawa ya matone yenye dexamethasone. Kama kioo cha jicho kimechubuka, dawa hiyo huongeza kidonda na jicho linaweza kupotea.

Antibiotiki: soma hapa kabla ya kwenda dukani

Ukieleza chafya au kidonda kwenye duka la pembejeo, utapewa OTC au penstrep, kwa sababu ndizo wanazopewa kuku na ng'ombe kila siku. Nyumbani utakuta amoksilini iliyobaki ya mtoto. Usimpe hata moja.

Tumbo la simbilisi linaishi kwa bakteria wanaosaga nyasi, na wengi wao ni wa kundi linalouawa na penisilini, ampisilini, amoksilini, erithromaisini, linkomaisini na klindamaisini. Oksitetrasaikilini, ambayo ndiyo OTC, nayo imo kwenye orodha ya hatari, na streptomaisini iliyomo kwenye penstrep ni sumu kwake. Wale wema wakifa, mwingine aitwaye Clostridium difficile hupata nafasi, huzaana na kutoa sumu. Siku chache baada ya dozi mnyama anaacha kula, anahara, anapoa mwili, anakufa, na mwenye nyumba anasema ugonjwa ulikuwa mkali. Nimeona chafya ndogo, ambayo ingeisha kwa kubadilisha maranda, ikiishia hivyo.

Daktari anayemjua mnyama huyu atachagua enrofloxacin au kotrimoksazoli, kwa dozi iliyopigwa kwa uzito. Kama tayari umeshampa dawa isiyofaa, acha, mpeleke, na sema ukweli ulimpa nini, kiasi gani na lini. Mpe nyasi kwa wingi.

Anahara

Kinyesi kilicholainika baada ya majani mengi mabichi, hasa yaliyolowa mvua au yaliyopata joto kwenye mfuko, huweza kutulia ukimrudisha kwenye nyasi kavu na maji safi kwa siku moja. Nyasi kavu aina ya boma rhodes ndizo ninazoziamini zaidi. Kuhara majimaji, matako yamelowa, mwili umepoa, ni dharura. Kwa mtoto wa gramu 200 saa chache zinatosha kumkausha maji. Sababu zake ni nyingi, kuanzia koksidia, vimelea vya utumbo, hadi bakteria wa salmonela wanaoletwa na panya wanaokojolea chakula, na huwezi kuzitofautisha kwa macho. Chukua kinyesi kipya kwenye kichupa safi ukapimishe.

Tumbo linakua kila siku

Kama ni jike, fikiria mimba kwanza. Anaweza kushika mimba akiwa na wiki nne tu, na sokoni huwekwa na madume. Mimba huchukua siku 59 hadi 72. Karibu na mwisho utahisi watoto wakicheza ukiweka kiganja chini ya tumbo bila kubana. Mwongezee vitamini C, usimbebe bila sababu, na mtoe dume kabla hajazaa, kwani hupandwa tena saa chache baada ya kuzaa. Jike ambalo halijawahi kuzaa na limepita miezi sita au saba lina hatari kubwa, maana mifupa ya nyonga hukazana na mtoto hawezi kupita. Akisukuma nusu saa bila mtoto kutoka, ni upasuaji. Mwenye mimba kubwa anayeacha kula ghafla naye apelekwe bila kungoja.

Joto, na mambo ya haraka haraka

Simbilisi hustawi kwenye nyuzi 18 hadi 24. Dar es Salaam au Mombasa mwezi wa Februari, banda la bati ni kaburi. Akilala amenyooka, anahema na kutoa mate, mpeleke kivulini, mlowanishe masikio na nyayo kwa kitambaa chenye maji ya kawaida, si ya barafu, kisha daktari.

Mkojo mweupe unaoacha unga ukikauka ni kalsiamu, wa kawaida. Wa rangi ya chungwa unaweza kutokana na majani. Mwekundu pamoja na mlio anapokojoa ni jiwe au maambukizi. Uvimbe chini ya taya mara nyingi ni jipu, usilitumbue jikoni. Nyayo nyekundu zinatokana na sakafu ya wavu au maranda machafu, badilisha kabla hazijatoboka. Anayeruka ruka hewani ghafla na kujipinda, kisha akaendelea kula, hana kifafa, amefurahi.

Ukienda kwa daktari

Madaktari wengi wa mifugo wamezoea ng'ombe na mbwa, kwa hiyo uliza kwa heshima: daktari, umewahi kutibu simbilisi? Kama hajawahi, hospitali ya wanyama ya Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo (SUA) kule Morogoro, au ya Kitivo cha Tiba ya Mifugo cha Chuo Kikuu cha Nairobi pale Kabete, zinaweza kumshauri. Nenda na daftari la uzito, kinyesi cha asubuhi, na majina ya kila ulichomlisha. Mbebe kwenye boksi lenye matundu na nyasi, pamoja na mwenzake kama wamekuja pamoja na ugonjwa si wa kuambukiza, kwa sababu akiwa peke yake huacha kula. Usimnyime chakula kabla ya kwenda, hata kama atalazwa usingizi, maana simbilisi hatapiki kama mbwa, na njaa ya usiku mmoja inamdhuru zaidi.